Mvua Nisiyoipima

Riziki wangu,

Kama barua hii iko mkononi mwako, basi umefungua kaye ya tatu, lile daftari langu la mvua, kabla ya ile ya kwanza, na mimi nilijua utafanya hivyo. Wewe tangu utotoni unaanza sahani katikati. Nimeiweka humo makusudi. Naomba tu uwe bado njiani, Goma au Kinshasa, na si Muanda mbele ya Profesa wa kituo, maana nataka uisome ukiwa na muda wa kunikasirikia kidogo.

Sasa ni saa kumi ya alasiri. Umeenda kuaga wenzako wa kwaya, na ninawasikia toka hapa uani: mnaagana kwa kuimba, kwa hiyo sidhani mtamaliza leo. Papa yako anafunga sanduku lako kwa kamba ya mbuzi. Nimemwambia sanduku lina kufuli.

"Kufuli iko ya wezi," amenijibu. "Kamba iko ya barabara."

Habari za chandarua, za maji ya kuchemsha na za kutopanda pikipiki ya mtu aliyelewa, amekwisha kukuambia yeye, mara saba. Nimehesabu. Kuhesabu ndiyo kazi yangu, na ndiyo sababu ya barua hii. Sitarudia maneno yake. Mimi nina neno moja, nalo ni hili: kurasa za mwanzo za kaye hii, toka ya kwanza hadi ile niliyoikunja pembe, ni za uongo. Mvua iliyoandikwa humo sikuipima. Niliitunga.

Keti chini, kama hujaketi.

Najua umefikiri nini mara moja, maana hata mimi ndicho ninachofikiri tangu ile barua ya Muanda ifike. Watu wa kile kituo cha kuchunguza bahari walikuchagua kwa sababu ya hizi kaye. Walisema wamepata vijana wengi wanaojua hesabu, lakini hakuna mwingine aliyekuja na mvua ya kila asubuhi, miaka na miaka, kutoka vilima vya huku juu ambako maji ya mto mkubwa yanaanzia, tena bila pengo hata la siku moja. Ulitusomea neno hilo kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, ukapanda juu ya kiti ukalisema tena. Bila pengo. Papa yako akapiga makofi. Mimi niliondoka kwenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni.

Hivyo wakikuuliza, na ukawaambia ukweli, wanaweza kukurudisha hapa Ngungu na sanduku lako na kamba yake. Na usipowaambia, watachukua mvua ya kichwa changu wataichanganya na maji ya bahari, na watu wa pwani watajenga nyumba zao juu ya hesabu hiyo. Siwezi kukuchagulia. Naweza tu kukueleza ilivyokuwa, na kukuambia nimefanya nini wiki hii.

Mkebe ulianza nikiwa na mimba yako. Mimi, unajua, niliacha shule darasa la tano, kwa sababu baba yangu aliona nimekwisha kujua kuandika jina langu, na jina langu ni fupi. Mengine nimeyasoma kwenye magazeti yaliyofungia sabuni, ndiyo maana habari nyingi ninazozijua hazina mwisho. Siku moja agronomu, bwana shamba, alikuja kuwafundisha wanaume kupima mvua. Aliwaachia kipimo kimoja cha kioo, kizuri sana. Wakakigombania. Kabla ya Jumapili kilikuwa kimevunjika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na kuni zangu kichwani, nikaona kwamba kile kitu ni mkebe tu wenye adabu. Nikaomba mkebe mkubwa wa nyanya kwenye jiko la parokia, Papa yako akachonga kijiti cha mkaratusi chenye alama, tukausimamisha mkebe juu ya nguzo pale uani. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kisimani, natia kijiti, nasoma alama, naandika, namwaga. Basi. Ndiyo sayansi yangu yote.

Lakini huku kwetu mtu anayeshughulika na mvua ana jina lake. Kuna waliokuwa wakijulikana kwamba wanafunga mvua, na watu waliwaheshimu na kuwaogopa kwa kipimo kimoja. Sasa fikiria mwanamke anayeingiza mvua ndani ya mkebe, halafu anaiandika. Huyo ameifunga mara mbili. Mwaka mmoja ulipopita, nikaletewa kuku. Mzee mmoja wa upande wa soko alisimama hapo mlangoni, kuku kwapani.

"Mama Riziki, siku ya posho tunaoza mutoto. Utufungie ile mvua, siku moja tu."

"Mimi sifungake mvua, Papa. Mimi naandikaka tu."

Akafikiri kidogo. "Njo vile. Basi uandike kwamba hakuna."

Nilifungua kaye ya kwanza, nikaona kwamba mwaka uliotangulia siku zile zilikuwa kavu, nikamwambia aoze Jumamosi yake bila wasiwasi. Jua liliwaka hata bibi arusi akatoka jasho. Wewe ulikuwa na meno manne, ulinyonya paja la yule kuku. Baada ya hapo walikuja wengine. Sikusema nafunga, sikusema sifungi. Nilisema "nitaangalia," na niliangalia kweli. Papa yako alikuwa akiniita Madame Météo, Bibi Hali ya Hewa, mbele ya watu, na nyumbani akiuliza kuku wa wiki ijayo ni wa nani. Nakuambia haya ili ujue kwamba uongo wangu haukuanzia Hombo, ukimbizini. Ulianza pole pole, na supu.

Ulipokuwa na miaka saba wakapanda wale wenye bunduki, na tukakimbia. Hilo unalikumbuka kwa namna yako. Mimi nakumbuka kwamba tulikuwa na muda wa kubeba kitu kimoja kimoja. Papa yako alikubeba wewe. Mimi nilifunga kaye mbili mgongoni kwa kitenge, mahali pako pa zamani. Mama Bahati, jirani yetu, aliyekuwa amefiwa na mumewe mwaka ule ule, alijitwika beseni ya mbegu ya maharagwe. Mkebe tuliuacha juu ya nguzo yake, na kijiti ndani. Tulitembea siku nyingi kupitia msituni mpaka Hombo, na Mama Bahati hakuitua ile beseni hata pale tulipolala na njaa. Mtu akimwambia tupike kidogo, alikuwa anasema, "Hii haiko chakula. Hii iko shamba."

Kule Hombo alitupokea Papa Kasereka, yule mfanyabiashara wa upande wa Butembo aliyeuza chumvi, sabuni na majembe kando ya barabara. Alikuwa anafanya ishara ya msalaba kabla ya kufungua kufuli la duka na baada ya kulifunga, na katikati alikuwa mtu mgumu kwa bei. Kwetu hakuwa mgumu. Alitupa chumba cha nyuma, kati ya magunia. Asubuhi ya kwanza nilinunua kaye mpya, hii hii ya tatu, nikakaa juu ya gunia la chumvi, nikaandika tarehe zote tangu siku tuliyokimbia. Kisha, mbele ya ile ya kwanza, nikaandika alama tatu.

Papa Kasereka akachungulia. "Unaandika nini, Mama?"

"Mvua."

"Ya huku?"

"Hapana. Ya Ngungu."

Alinitazama, akatazama mlima ulioko nyuma yangu, mlima ambao nyuma yake kuna mwingine na mwingine hadi kwetu. "Na weye uko Hombo. Unaipima na nini?"

"Na kichwa."

"Eh! Basi unipimie na ya Butembo. Niko na shamba kule."

Wote walicheka, na mimi nilicheka, na kesho yake nikaandika tena. Nilikuwa nafungua mwaka uliopita, naangalia siku kama hiyo, nasukuma alama moja juu au moja chini ili isionekane nimeiga. Niliweka hata siku kavu hapa na pale, kwa uzuri. Nilikuwa hodari, Riziki. Kama ningeendelea na shule ningekuwa mtu hatari.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sehemu ni kiburi: niliipenda kaye isiyo na nafasi tupu, kama wengine wanavyopenda kitanda kilichotandikwa. Lakini kuna sehemu nyingine. Hatukujua kama nyumba bado imesimama. Kila asubuhi nilipoandika kwamba alama mbili zimenyesha Ngungu, nilikuwa nasema bado kuna paa la kunyeshewa. Nikiacha tupu, ni kama nimekubali. Sikutaka kukubali. Hiyo sikuambii kama udhuru, nakuambia kwa sababu siku moja utatamani sana kitu kiwe kweli, na kalamu itakuwa karibu.

Hombo ndipo bahari ilipoingia nyumbani kwetu. Ulikuwa unaosha miguu mtoni, chini ya daraja, kandambili yako ya kushoto ikachukuliwa na maji. Ulilia hadi dereva mmoja wa lori, aliyekuwa anabadilisha tairi, akakuuliza ni nani amekufa. Nikamweleza. Akakuchuchumalia.

"Usilie, mama mudogo. Haijapotea. Huu mto unaenda mu Lowa, Lowa inaenda mu mto mukubwa, na mto mukubwa unaenda Muanda, mu bahari. Kandambili yako iko safarini."

Ukanyamaza. "Muanda iko mbali?"

"Iko mbali sana."

"Nitaenda kuichukua."

Ile ya kulia ulikaa nayo mpaka mguu ukaikataa. Mimi nadhani bado unamfuata mwenzake, hata kama kwenye karatasi za kituo uliandika sababu zingine.

Tangu hapo redio ya Papa Kasereka ikisema neno "bahari" ulikuwa unakimbia kuja. Tukasikia kwamba maji yake yanapata joto na kupanda, kwamba kule Muanda ukingo unakatika vipande vipande, leo njia, kesho ukuta wa mtu. Sisi watu wa vilima tulitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mgonjwa asiye ndugu. Ulikuja kunifungua macho wewe, baadaye, na vitabu vyako vya shule: kwamba joto la bahari linavuruga mvua hata ya mbali, inayokuja na inayokataa kuja. Ndipo nikachukua kaye za kweli, za kabla ya Hombo na za baada, nikaona kile nilichokuwa nakiandika bila kukisoma. Mvua ya mwezi wa tisa zamani ilikuja kama mgeni mwenye heshima, ikabisha, ikaingia. Sasa inachelewa, halafu inashuka yote alasiri moja, na kuondoka na shamba. Nimeona udongo wetu mweusi ukipita hapo njiani ukielekea bondeni, mwaka baada ya mwaka, na nilijifariji kwamba angalau unaenda kuwajazia wale wa Muanda ukingo wao. Kisha ukaniambia kwamba mto unapofika baharini kuna korongo refu chini ya maji linalomeza matope yetu na kuyapeleka kilindini, hata ufuko hauyaonji. Nilikasirika siku mbili. Shamba langu lote, na hakuna aliyesema asante.

Sasa kosa lenyewe.

Tulirudi Ngungu mwishoni mwa kiangazi. Paa lilikuwepo nusu. Mkebe ulikuwa bado juu ya nguzo, umejaa majani na maji ya kijani, na chura ndani. Yule chura ndiye aliyekuwa na kipimo cha kweli cha miezi yote ile, na hakuna aliyemuuliza. Watu walikuwa wanarudi mmoja mmoja, na kila aliyefika alikuja uani kwangu na swali moja: tupande lini? Mvua ilikuwa imeanza kunyesha kidogo kidogo. Walikuwa na mbegu chache, hawakuwa na za kupanda mara mbili.

Nilileta kaye zangu zote tatu, nikazifungua mbele yao juu ya kinu kilichogeuzwa. Kaye mbili za kwanza zilianza kunionyesha mashaka. Miaka ya mwisho mvua ya mwanzo ilikuwa inadanganya. Kaye ya tatu, ile ya Hombo, ilikuwa nzuri sana. Mvua yake ilianza vizuri ikaendelea vizuri, kama nilivyoipenda. Na unajua, binti yangu, niliiamini? Nilikuwa nimesahau kwamba niliitunga. Namaanisha, nilijua, lakini wino ulikuwa umekauka, tarehe zilikuwa zimepangwa, na watu walikuwa wananitazama. Nikasema: pandeni wiki hii.

Mama Bahati alipanda beseni nzima.

Ilinyesha siku tano. Kisha jua likawaka karibu wiki tatu. Mbegu ziliota, zikatoa majani mawili, zikakunja mikono. Wengine walikuwa wamebakiza mbegu kidogo ndani. Yeye hakubakiza kitu. Msimu ule mzima alilima mashamba ya watu ili watoto wale, na jioni akipita hapa alikuwa ananisalimu kama kawaida. Siku moja alinikuta nimesimama ukingoni mwa shamba lake, sijui nikitafuta nini.

"Usisikitike, Mama Riziki. Iko mvua njo ilikosa. Hapana weye."

Niliipokea faraja hiyo. Na kisha agronomu alipopita na kuuliza maharagwe ya huku yamefanywa nini, nikasema mbele ya watu wote, kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Iko klima, Bwana Agronomu." Akaitikia kwa kichwa. Akaandika. Nilijisikia vizuri hadi jioni.

Kweli klima, hali ya hewa yenyewe, imebadilika, kaye zangu za kweli zinasema hivyo. Lakini beseni ya Mama Bahati haikuuawa na klima. Iliuawa na biki ya bluu, kalamu yangu. Mimi nililichukua jambo la kweli nikalifanya shuka la kufunika la kwangu, na lilinitosha vizuri, miguu na kichwa. Kule Rubaya wanachimba kilima toka chini hadi kinabaki kama jino bovu, na kikiporomokea wachimbaji, wenye kazi wanasema ni mvua. Mvua ilikuwepo, ndiyo. Na kule unakoenda, nadhani, utaambiwa ni bahari. Itakuwa kweli, naamini. Ila kabla ya kuiandika, uliza pole pole ni nani alibeba mchanga wa ufuko kujengea, na ni nani alikata ile mikoko uliyonieleza, miti inayosimama ndani ya maji ya chumvi na kushika udongo. Uliza ukiwa umekaa na watu, ukila nao. Usiulize kama polisi. Mwenye hatia mara nyingi ni mtu mzuri tu aliyekuwa na kuni za kutafuta, au na kaye ya kujaza. Mimi nakuambia kwa kuwa nimekuwa huyo mtu.

Wiki hii nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilienda kupalilia na Mama Bahati, siku ile ulipokwenda kuchukua karatasi zako. Tulikuwa tumeinama, mistari miwili jirani. Nikaona ni vizuri kusema bila kumtazama.

"Mama Bahati. Ile mvua yenye niliandika tukiwa Hombo, niliitunga."

Hakuinua kichwa. "Njo leo unajua?"

"Weye ulijua?"

"Mama Riziki. Tulilala mukeka moja miezi yote ile. Mukebe ulibakia huku. Ulizani sina macho?"

Jembe langu lilisimama. "Basi juu ya nini ulipanda? Nilisema mupande, ukapanda yote!"

Hapo akanyooka, akashika kiuno, akanicheka usoni. "Juu nilichoka kubeba ile beseni! Nilitoka nayo huku, nikafika nayo kule, nikarudia nayo. Kila mutu ananiambia ngojea, ngojea. Weye peke yako njo ulisema panda. Hata kama ungesema nipande mu mawe, ningepanda."

Nilianza kucheka na kulia kwa pamoja, mambo ya uzee. Yeye akainama tena, akang'oa magugu kidogo, akasema bila kucheka:

"Lakini usizani imeisha. Ulisema mbele ya agronomu iko klima."

"Nilisema."

"Klima haikukujibu, juu haina kinywa. Mimi niko nacho. Uandike mu ile kaye yako maharagi yangu ilikufa. Na jina yangu uandike muzuri."

Ndilo jambo la pili. Nilimwomba mwalimu wa shule ya primeri biki nyekundu. Geuza ukurasa, utaona. Sikuchana kitu na sikufuta kitu. Unasoma alama zangu nzuri chini yake kama kawaida. Lakini juu ya kila ukurasa wa Hombo, mmoja mmoja, nimeandika kwa nyekundu: Sikuwa hapa. Ilikuwa vita. Nimetunga. Na pale ambapo kurasa za kweli zinaanza tena, kwenye mwezi wa tisa wa kurudi kwetu, utakuta mstari huu: Maharagwe ya Mama Bahati yalikauka yote. Kosa ni la mwandishi. Alikuja kuukagua mwenyewe. Hajui kusoma sana, lakini jina lake analijua, akaliona, akaridhika.

Ulikuwa unaweza kuniuliza kwa nini sikukuambia usoni. Kwa sababu ungekataa kuondoka, ungesema huendi kwa njia ya uongo, na ungekaa hapa kunitazama na macho ya Papa yako. Sasa uko njiani, na mtu aliyeko njiani husikiliza tofauti. Huu nao ni ujanja kidogo, nakiri. Niachie huu mmoja.

Kama unataka mawazo yangu, na najua huyataki lakini yanakuja: mpe Profesa kaye siku ya kwanza, hii ikiwa imefunguliwa hapa penye nyekundu, kabla hujafungua kamba ya Papa yako. Usimweleze sana. Mwambie tu: mama yangu alikimbia, mkebe ukabaki. Huenda atakasirika. Huenda atasema kaye yenye pengo haina kazi, akakurudisha. Ukirudi, nguzo iko pale pale, na mimi nimechoka kuamka mapema; nitakukabidhi kijiti na kulala hadi saa mbili, jambo ambalo nimelitamani tangu ulipozaliwa. Kwa hiyo upande wowote utakaoangukia mimi nimefurahi. Usibebe huzuni yangu, maana sina.

Lakini mimi nafikiri hatakurudisha. Mtu aliyepima bahari muda mrefu lazima amekwisha kukutana na siku ambazo hakupima. Na ile nafasi ya Hombo, sasa ikihesabiwa kuwa tupu, nayo inasema kitu. Inasema hapa watu walikimbia mvua yao. Nadhani hata huko pwani kuna kurasa za namna hiyo, za watu ambao nyumba iliwaanguka na hawakuwa na nafasi ya kuandika maji yalifika wapi. Ziache tupu. Andika pembeni kwa nini.

Kwaya imenyamaza, bila shaka mmeanza kulia. Papa yako amemaliza kamba na sasa anaijaribu kwa kuketi juu ya sanduku. Leo asubuhi mkebe ulikuwa na alama mbili na nusu, nimeandika. Kesho alfajiri tutashuka wote watatu na wewe mpaka Sake, kukupandisha gari: Papa yako, mimi, na Mama Bahati, ambaye anasema ana haki. Papa yako alitaka tumwachie jirani kijiti, asije akakosekana mtu wa kupima. Nimekataa. Mawingu yanapanda upande wa Walikale, itanyesha tu, na mkebe utapata kitu, na hakuna atakayejua ni kiasi gani.

Nilishika biki niandike ukurasa wa kesho tangu sasa, mkono uko na mazoea yake. Nimeirudisha mfukoni. Nitaandika nikirudi, mbele ya tarehe, bila alama yoyote: Sikupima. Nilikuwa namsindikiza Riziki.

Mama yako